Daktari Kwenye Kochi la Wageni

Siku ya kwanza daktari wa akili alipoingia nyumbani kwa Mama Pasi kwa njia ya simu, alikaribishwa chai. Msicheke. Simu iliegemezwa kwenye mto wa kochi la wageni, lile ambalo watoto wakithubutu kulikalia wanafinywa. Mbele yake ikasogezwa meza ndogo, na juu ya meza kikaja kikombe kizuri na kisahani chake. Mvuke ukapanda, kioo cha simu kikaingia ukungu, na daktari, huko mji wa mbali aliko, akauliza kwa adabu kama kuna moshi ndani ya nyumba. Mama mkwe akainuka, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akamwambia asiwe na wasiwasi, ni chai tu, ajisikie yuko nyumbani.

Mama Pasi alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda. Mgonjwa ni yeye. Kliniki ni yake, simu ni yake, na hata bando alinunua kwa jasho lake. Lakini waliomzunguka daktari walikuwa wengine kabisa. Katikati mama mkwe, amejitanda nguo ya kutokea. Kulia kwake shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Katibu, kwa sababu aliwahi kuwa katibu wa chama cha wauza sokoni na mpaka leo hajakubali kwamba uchaguzi ulipita na kazi imekwenda kwa mwingine. Kushoto mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole, mpole mpaka upole wenyewe unakera.

Huyu Mama Pasi ni dobi. Kufua anafua, lakini kilichompa jina ni pasi, na jina alipewa na wateja. Ana kichumba ubavuni mwa nyumba, zamani kilikuwa stoo, chenye mlango mmoja na dirisha lisilopitisha hata kichwa. Ndani mna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba ya kutundikia, ndoo ya maji ya kunyunyizia, na pasi mbili za mkaa. Ukimpa ya umeme bure hataki, maana umeme ukikatika, pasi hiyo ni chuma tu, na mteja hana habari na mambo ya umeme, anataka shati lake. Kola anaipiga upande wa ndani kwanza, kutoka ncha kuja katikati, ndipo anaigeuza. Ukienda kinyume, anasema, unasukuma makunyanzi mpaka kwenye ncha, na mwenye shati anaonekana kaazima nguo. Akikutana na kola ya namna hiyo barabarani anasonya waziwazi, na mumewe amekwisha kuomba radhi kwa watu mpaka amechoka.

Miaka miwili kabla ya daktari wa simu, mwanamke huyu aliugua. Usingizi ndio ulioanza kumkimbia. Akawa anaamka kabla ya majogoo, akapiga pasi, halafu akawa halali kabisa. Makaa yakilialia ndani ya pasi, yeye anayasikia yakimtaja jina. Kola moja anaipiga, anainyunyizia, anaipiga tena, anarudia, mpaka kitambaa kinang'aa. Mwisho, asubuhi moja, alitoka barabarani na pasi ya moto mkononi, akiwaamuru wapita njia wavue mashati wampe kola zao. Hakumuunguza mtu. Lakini mama mkwe alipiga mayowe, wanaume wakaja mbio, wakamkamata, wakamfunga kwa kamba ileile ya kutundikia mashati, wakampakia kwenye gari la mizigo. Wateja wanaona, watoto wake wanaona. Hospitali walimsaidia, hilo hakatai. Ila kamba ile aliporudi aliitupa, akanunua nyingine.

Baada ya hapo zikaanza safari za kliniki. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, kichumba kimefungwa kutwa nzima na sare za wanafunzi zinamngoja. Tena benchi la wagonjwa wa akili liko nje, kando ya lango, kana kwamba aliyeliweka pale alitaka kila anayepita na maua yake kwenda kumwona mzazi aanze kwanza kuwatazama hawa. Mteja wake mmoja, mwalimu mkuu, alipita akamkuta hapo. Alimsalimia vizuri sana, vizuri kupita kiasi, na kuanzia wiki iliyofuata mashati yake yakahamia kwa dobi mwingine. Na huko ndani daktari ni mpya kila safari. Anafungua faili, unaendeleaje, vizuri, haya, mwingine aingie. Sasa mtu utamwambia nini binadamu ambaye hujui kama utamwona tena?

Kwa hiyo nesi wa zahanati ya mtaani alipomwambia kwamba kuna daktari wa akili anayeona wagonjwa kwa simu ya picha, yuleyule kila mara, na mgonjwa yuko kwake, na dawa anazichukua papo hapo zahanati, Mama Pasi nusura amkumbatie. Hakuna magari, hakuna benchi, hakuna mwalimu mkuu. Nesi akampa sharti moja la mwisho: siku ya simu utafute mahali patulivu, ukae peke yako. Peke yako! Nesi huyu hajawahi kukanyaga nyumba ile.

Maana nyumba ile, mgeni haachwi. Hiyo ni sheria ya mama mkwe tangu aolewe. Mgeni anapokewa na mkubwa wa nyumba, anasalimiwa na wote, anakaa kwenye kochi, na kumwachia mgeni mtu mmoja, tena mgonjwa, ni kuivua nyumba nguo. Mama Pasi alijaribu kumweleza kwamba daktari haji, ni simu tu. Mama mkwe akamuuliza: atatuona? Atatuona. Atasikia tukisema? Atasikia. Basi, mwanangu, amekuja. Mapazia yakafuliwa siku hiyohiyo, na unadhani nani aliyeyapiga pasi?

Haya yote angeyachukulia kama vichekesho, kama asingekuwa na neno. Mama Pasi alikuwa na neno la kumwambia daktari, na neno lenyewe lilikuwa limemkaa kooni. Dawa alikuwa hanywi.

Hakuziacha kwa ujeuri. Dawa zilimtuliza kichwa, ni kweli, lakini zilimtia mikono kutetemeka, na dobi anayetetemeka ni sawa na kinyozi asiyeona. Aliwaambia hospitali, wakaandika kwenye faili, wakampa zilezile. Siku alipoiacha pasi kwa kitambo kidogo tu kwenye mgongo wa shati jeupe la bwana harusi, akaacha alama ya kahawia ya umbo la pasi yenyewe, alikata shauri. Kila jioni mama mkwe humpa kidonge, akamsimamia, akamwambia fungua mdomo. Mama Pasi hufungua. Kidonge kiko chini ya ulimi. Akifika kichumbani anakitema kwenye majivu.

Mikono ikatulia. Nyumba nzima ikashangilia, Katibu akatangaza mtaani kwamba shemeji yake amepona kabisa. Kumbe usingizi nao ulikuwa unafungasha virago. Na juzi tu Mama Pasi alijikuta ameipiga kola moja, akaigeuza, akaipiga, akaigeuza, na alipozinduka hakujua ameanza lini. Njia hiyo anaifahamu. Anajua inapoishia.

Kwa nini asiwaambie wa nyumbani? Kwa sababu Katibu alikwisha kuitisha kikao cha familia na kupitisha, yeye na nafsi yake, kwamba ugonjwa ukirudi kichumba kinafungwa na shemeji anarudishwa kwao akapumzike. Akapumzike, eti. Nesi naye anaongea kupitia dirishani, foleni iko mgongoni mwako inasikiliza. Na ile namba ya kliniki inapiga, haipigiwi. Ilibaki siku ya simu tu, na siku ya simu ndiyo hiyo ya chai.

Sasa hebu ona ilivyokwenda. Daktari, mwanamke mdogo wa umri, nywele amekata fupi, alimuuliza Mama Pasi analalaje. Mama mkwe akajibu kwamba analala vizuri sana. Daktari akauliza kuhusu chakula. Katibu akakohoa, akashukuru kwanza kwa niaba ya familia, akaeleza kuhusu chakula, akaingia kwenye historia ya familia, akatokea kwenye bei ya mkaa. Daktari akasema angependa kumsikia mwenyewe. Mama mkwe akacheka kicheko cha kumsamehe mtoto.

"Mgonjwa haulizwi uji, daktari," akasema. "Sisi tupo, tuulize sisi."

Mtandao ukakatika hapohapo, na nani wa kuulaumu? Katibu akainywa chai ya daktari, isipotee.

Mara ya pili Mama Pasi alijifungia chumbani kwake na simu. Hata salamu hazijaisha, mlango unagongwa. Mama mkwe anauliza tangu lini mgeni wa nyumba hii anapokelewa kitandani. Mama Pasi akanyamaza, akidhani atachoka. Hakuchoka. Aliyekwenda kufungua ni mumewe, akamfungulia mama yake, akamshika mkono asijikwae, na wote wakaingia wakajipanga kwenye kitanda. Mama Pasi alimtazama mume wake yule akakosa hata tusi la kumtukana.

Jioni alimwambia. Alimwambia kwamba anahitaji kuzungumza na daktari peke yake, kwamba ni jambo la lazima, na kama ni mume kweli atafute namna. Fundi baiskeli alijikuna kisogo, akasema mama ana nia njema, avumilie tu. Vumilia! Neno hilo kama lingekuwa sabuni, wanawake wa mtaa ule wangekuwa wamekwisha kufua dunia yote. Mama mkwe ana nia njema, Katibu ana nia njema, mume ana nia njema, na mtu anazama katikati ya nia njema zao, maji yamemfika shingoni. Katibu alipenda kumpitia kichumbani na kumkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, shemeji. Na asiyeyaficha atayasemea wapi, ikiwa ninyi mmemkalia mdomoni?

Usiku nao haukumpa nafuu. Akigeukageuka kitandani, alikuwa anasikia redio ndogo ya mama mkwe ikinong'ona ng'ambo ya ukuta. Akiinuka kwenda kunywa maji, kikohozi cha bibi yule kinamfuata. Hata usiku, akajiambia, hata usiku ananilinda.

Mara ya tatu alikula kiapo kwamba litakalokuwa na liwe, atasema mbele yao wote, na kamba ije kama inakuja. Alikaa kwenye kigoda chake. Kochi limejaa. Chai imemiminwa. Alivuta pumzi, na kabla haijatoka mama mkwe alikuwa ameshaanza.

"Leo nataka uone mwenyewe, daktari. Mwanangu, nyoosha mikono."

Akanyoosha, angefanya nini? Vidole kumi vilikaa hewani vimetulia tuli. Mama mkwe akamgeukia daktari kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Katibu akapiga makofi kidogo. Mumewe akatabasamu.

Daktari hakutabasamu. Alitazama mikono ile, akainama kusoma kitu, akaitazama tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mgeni aliyeshiba vizuri, kwamba amekaa sana sebuleni na amesikia sifa nyingi za kichumba cha kazi. Angeomba akione. Angeomba hata kumwona Mama Pasi akipiga pasi.

Kuombwa kuonyesha nyumba! Mama mkwe angekataaje? Msafara ukaondoka, Katibu mbele ameshika simu kwa mikono miwili, mama mkwe nyuma yake akimwelekeza daktari ajihadhari na kizingiti. Kichumbani pasi zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi, na joto la mle ndani halina heshima kwa mtu. Simu ikaegemezwa kwenye rundo la sare zilizokunjwa. Mama Pasi akachukua shati, akanyunyizia, akaanza. Katibu alijipepea, akajifuta shingo, akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri barabarani. Mama mkwe na mwanawe wakabaki, jasho linawatiririka, wamesimama, mgeni asije akaachwa.

Daktari akauliza nani anayesimamia dawa katika nyumba hii. Mama mkwe akajitaja. Daktari akamsifu, akasema basi ana ombi kwake yeye na si kwa mwingine: amletee pakiti zote, za zamani na mpya, azione kwa macho yake. Dawa zilikaa ndani ya sanduku, sanduku juu ya kabati, na kabati ni refu, kwa hiyo fundi baiskeli akaitwa akalishushe. Wakaondoka wote wawili.

Mlango ukarudi taratibu. Pasi ilikuwa inalialia mezani.

"Uko peke yako?" daktari akauliza.

Mama Pasi akaangalia mlango. "Kwa sasa."

"Nimekuwa nautazama mkono wako. Faili linasema dawa hii inakutetemesha, na wewe hutetemeki hata kidogo. Halafu, hiyo kola umeipiga mara ngapi?"

Mama Pasi akaitazama kola. Ilikuwa inang'aa. Na hapo ndipo neno lilipotoka.

"Dawa sinywi, daktari. Ninazitema. Usingizi umeanza kuondoka, na makaa yameanza kuniita. Kwa mbali, lakini yameanza."

Alingoja kusutwa. Daktari alimuuliza tu makaa yanasema nini, yanamtaja jina au yanamwamuru afanye kitu. Yanamtaja jina tu, akajibu. Basi tumewahi, daktari akasema. Akamweleza kwamba dawa za maradhi haya si za aina moja, kwamba iko ambayo haiandami mikono kiasi hicho, na kwamba angebadilishiwa zamani kama kuna mtu angemwona akiwa na pasi, badala ya kumwona amekaa hospitali na mikono mapajani. Ataanza mpya leo hiihii, ataandikiwa kupitia nesi. Pasi za moto, kwa muda, azizime mapema na asiziwashe alfajiri. Na makaa yakianza kuamuru, asingoje siku ya kliniki, aende kwa nesi saa hiyohiyo, nesi ana njia ya kumpata. Mama Pasi alikuwa anaitika ndiyo, ndiyo, huku machozi yanamdondokea juu ya blanketi na yanakauka palepale kwa joto.

Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa mlangoni na sanduku la dawa kifuani.

Alikuwa amesimama pale muda gani? Wa kutosha. Mama Pasi aliiweka pasi kwenye kisahani chake cha chuma, akaisukuma mbali, asije akaonekana ameishika. Kwenye uwanja sauti ya Katibu ilikuwa imerudi. Sasa ni kamba, akawaza, sasa ndiyo narudishwa kwetu. Mama mkwe hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama juu, kwenye kamba mpya yenye mashati.

"Kumbe mimi nilikuwa naangalia mdomo," akasema. "Kila siku naangalia mdomo. Sikukuuliza hata siku moja kwa nini."

Katibu akasogea akauliza kuna nini, daktari amesemaje, familia inapaswa kuarifiwa. Mama mkwe akageuka, akampa sanduku alibebe.

"Daktari yuko na mgonjwa wake," akamwambia, na akaufunga mlango kwa nje.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Dawa mpya ilimtia usingizi wa kupitiliza, Mama Pasi akawa anasinzia kwenye meza na kununa na kila mtu. Alinenepa, akalalamika. Tofauti ni kwamba sasa alilalamika kwa anayehusika, ana kwa ana, na yule akapunguza kipimo, akahamisha saa ya kunywa, akapiga simu kuuliza imekuwaje. Makaa yalirudi kuwa makaa. Mkono ulibaki na kijitetemeko kidogo cha asubuhi, kinakwisha akishika pasi. Katibu aliitisha kikao cha kufunga kichumba, mama yake akamuuliza kitafungwaje na ndicho chumba cha daktari, na kikao kikaishia hapo.

Lakini jamani, mtu akibadilika na hulka yake inabadilika? Mama mkwe sasa ndiye aliyejipa ulinzi. Siku ya simu anahamishia kigoda mlangoni mwa kichumba, anafukuza wateja, anafukuza watoto, anafukuza kuku, anamfukuza mwanawe aliyekuja kuulizia spana yake. Anawataka watu wanyamaze kwa sauti ambayo mtaa wa pili wanaisikia. Daktari akashtuka, akauliza nje kuna ugomvi. Mama Pasi akafumba macho, akahesabu pumzi, akamwambia hapana, ni utulivu huo. Chai bado inakuja, ila siku hizi inakuja ya Mama Pasi peke yake, maana bibi amekubali, baada ya kutafakari sana, kwamba daktari yule hanywi.

Siku moja ya simu, katikati ya maneno, mlango ulifunguliwa. Mama mkwe akaingia, akasimama. Mama Pasi alihisi damu inampanda. Baada ya yote haya! Akamuuliza, kwa heshima iliyobaki, kuna nini, Mama.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Ukimaliza usikate." Alikuwa ameshika ncha ya mtandio, anaisokota. "Na mimi nina langu na daktari. Tangu siku ile ya kamba silali. Mimi ndiye niliyeita watu."

Mama Pasi akakumbuka. Ile redio. Kile kikohozi. Usiku wote ule alikuwa amelala ng'ambo ya ukuta akimchukia bibi huyu kwa kumlinda, kumbe mwenzake naye alikuwa macho kwa lake. Kwenye simu daktari alisema nafasi ipo, Mama aje, kisha akauliza ni tangu lini na huwa analala kiasi gani.

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wa Mama Pasi. Redio huwashwa saa ngapi, huzimwa saa ngapi, kikohozi, chai isiyoisha, yote alikuwa nayo, angeyapanga vizuri kuliko mwenyewe. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akamvutia bibi ndoo ya maji, akaifunika kwa ubao akae, akaishusha simu mpaka usawa wa uso wake, akamwonyesha pa kutazama. Akasogeza pasi zote mbili mbali. Akatoka, akavuta mlango, akakaa kwenye kigoda.

Katibu hakuchelewa.

"Shemeji, mama yuko na nani mle ndani?"

"Na daktari."

"Daktari wa nini? Mama anaumwa? Wanazungumza nini?"

"Sijui," Mama Pasi akasema. "Akitoka, utamuuliza mwenyewe."

Katibu akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia kikao, akanyoosha mkono kwenye kitasa. Mama Pasi akanyoosha mguu akauziba mlango.